Sura ya Tano: Dakika Ishirini na Moja

Tandaza ramani nzuri ya Ziwa Viktoria mezani, utie alama penye kiwanja cha ndege cha Mwanza na nyingine penye kiwanja cha Bukoba. Cha kwanza kiko digrii 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta, digrii 32 na dakika 56 mashariki. Cha pili kiko digrii 1 na dakika 20 kusini, digrii 31 na dakika 49 mashariki. Huku kwetu karibu na ikweta hesabu hii haina taabu, kwa kuwa digrii moja ni kilomita 111 hivi, uende kaskazini au uende magharibi. Tofauti ya viwanja hivi viwili ni digrii moja na dakika saba kila upande, yaani kama kilomita 124 za kupanda kaskazini na nyingine kama hizo za kuelekea machweo, na mstari unaokata kona hiyo juu ya maji na visiwa una kilomita 175. Ndege ya mapangaboi ya aina ya ATR, ambayo ndiyo mfanyakazi mkuu wa viwanja vya mikoa, ikishatulia angani huenda kilomita 500 hivi kwa saa. Gawanya, upate dakika 21. Sufuria ya ndizi iliyobandikwa Bukoba wakati ndege inaondoka Mwanza ingekuwa bado haijaiva. Na hapo ndipo hesabu inapogombana na maisha, maana hakuna abiria anayetoka Mwanza akafika Bukoba kwa dakika 21. Dai langu katika sura hii ni kwamba kwenye safari fupi za viwanja vya mikoa, kilomita ndizo zenye sauti ndogo kuliko zote. Muda wa msafiri hupangwa na mambo mengine, na mengi kati ya hayo ni maamuzi ya watu.

Tuanze na ndege yenyewe. Haitoki maegesho kwa mwendo wa kilomita 500. Inasogea taratibu hadi mwisho wa njia ya kurukia, inageuka, inasubiri ruhusa ya mnara, inakimbia, inapaa kwa mwendo ulio chini sana ya ule wa safari, na kabla abiria hajamaliza kutazama miamba ya Mwanza kule chini, rubani ameshaanza kufikiria kushuka. Katika njia ya kilomita 175, muda ambao ndege inakuwa imetulia kweli katika kimo chake ni mfupi mno. Ndiyo maana mashirika huhesabu safari tangu ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho hadi inaposimama tena, na kwa Mwanza na Bukoba muda huo huwa kati ya dakika 40 na 50. Kurasa nyingi za intaneti zinazokokotoa muda wa ndege zinalijua hili kwa njia ya mkato: hugawa kilomita kwa kasi, kisha huongeza nusu saa kila mahali, iwe safari ndefu au fupi. Inaonekana kama ujanja wa kubahatisha, lakini nusu saa hiyo imebeba ukweli mkubwa kuliko tarakimu nyingine zote za ukurasa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi kwa mstari ulionyooka. Hapo nusu saa haifiki robo ya muda wote. Kutoka Mwanza hadi Bukoba, nusu saa hiyohiyo inazidi muda wa kuruka wenyewe. Gharama ya kupaa na kutua hailipwi kwa kilomita. Hulipwa mara moja, kama ada ya mlangoni, na anayeingia kwa shughuli ndogo ndiye anayeihisi.

Kuna jibu ambalo huja haraka kwenye vinywa vya watu, hasa baada ya serikali kununua ndege mpya: basi tuleteeni ndege yenye kasi zaidi. Na tukubali kwamba jeti ya kilomita 800 kwa saa ni ya kasi kweli. Kilomita 175 itazimaliza kwa dakika 13, nayo imeokoa dakika 8. Foleni moja ya kupimia mizigo, mbele yako akiwa mama mwenye maboksi mawili ya samaki, inazimeza dakika hizo nane na kudai nyingine. Isitoshe, jeti kubwa haitui popote. Njia ya kurukia ya Mwanza inazidi kilomita 3, na Airbus A220 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza iliwasili nchini Desemba 2018, zinatua pale bila wasiwasi. Ya Bukoba ni ya kilomita moja na nusu hivi, imebanwa kati ya mji na ziwa. Uso wa ziwa lenyewe uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, mabawa hupata mshiko mdogo, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka kuliko ingekuwa pale Tanga au Mtwara. Njia fupi mahali pa juu ni fupi mara mbili. Kwa hiyo aliyetegemea kasi ya mashine imfikishe Bukoba mapema ameshika mwisho wa kamba usio na mzigo.

Mzigo uko ardhini. Kiwanja cha Mwanza kiko Ilemela, kaskazini ya mji, kama kilomita kumi kutoka katikati; mtu wa mjini anayekwenda kwa teksi au bajaji atenge dakika 30, na 40 kama ni saa za watu kutoka kazini. Afike saa moja na nusu kabla ya ndege kuondoka, kwa sababu shirika linataka hivyo na kwa sababu ukaguzi haujui kwamba safari yake ni fupi: mkanda unavuliwa vilevile kwa anayekwenda Bukoba na kwa anayekwenda Guangzhou. Kisha dakika 45 za ndege. Kisha robo saa au zaidi ya kusubiri begi. Bukoba kwenyewe mambo ni mepesi, maana kiwanja kiko mjini kabisa, kandokando ya ziwa, na bodaboda humfikisha mtu sokoni kabla hajamaliza salamu za Kihaya. Jumlisha yote utapata saa tatu na nusu hivi, mlango hadi mlango. Zile dakika 21 ni sehemu ya kumi tu ya muda huo. Gawanya kilomita 175 kwa saa tatu na nusu na utaona kwamba msafiri wa ndege, pamoja na mbwembwe zote za mawinguni, ameikaribia Bukoba kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Basi likiwa barabarani linakwenda kasi kuliko hivyo.

Hapo mwenye basi asishangilie mapema. Barabara haiendi juu ya ziwa. Inatoka Mwanza kuelekea kusini-magharibi, inavuka ghuba kati ya Kigongo na Busisi, inapita Sengerema na Geita, inakwenda hadi Biharamulo, ndipo ipande kaskazini kupitia Muleba kuingia Bukoba. Ni kilomita mia nne na ushee, mara mbili na zaidi ya mstari wa ndege, na kwa basi linaloheshimu ukomo wa kilomita 80 kwa saa, likisimama kushusha na kupakia, ni siku nzima ya mchana au karibu yake. Uwiano huo wa barabara na mstari ulionyooka ndio kipimo cha kwanza ninachopendekeza mtu akiangalie kabla ya kuuliza kama kiwanja fulani kinastahili ndege. Linganisha na Musoma. Kutoka kiwanja cha Mwanza hadi cha Musoma ni kilomita 140 hivi kwa mstari, si tofauti kubwa sana na Bukoba. Lakini barabara ya kupitia Magu na Bunda ni kama kilomita 220 tu, lami tupu, na basi au gari dogo linamaliza safari kwa muda ambao msafiri wa ndege angekuwa anapokea begi lake. Ukiangalia ramani ni miji miwili iliyo karibu na Mwanza kwa kiasi kinachokaribiana, ila mmoja ndege inauokoa kweli na mwingine ndege inaupamba. Kilomita za angani zisingeweza kukuambia hilo. Umbo la ziwa ndilo linalosema.

Meli nayo ina hoja yake, na hoja hiyo hudharauliwa na wanaohesabu saa kama mtu anavyohesabu magunia, yote yana uzito mmoja. MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, hung'oa nanga Mwanza jioni, hupitia Kemondo, na abiria hujikuta Bukoba asubuhi. Kwa saa ni ndefu kuliko basi au inalingana nalo. Lakini saa hizo ni za usiku, ambazo mtu angelala hata kama angebaki nyumbani. Mfanyabiashara anayepanda meli baada ya kufunga duka na kushuka kabla ya maduka ya Bukoba kufunguliwa hajapoteza hata saa moja ya kazi, ilhali mwenzake wa ndege ya saa nne asubuhi amepoteza nusu siku. Huu si utetezi wa kurudi kwenye meli. Kanda hii haijaisahau MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza, watu mamia wakapotea, na hofu ya maji ina haki ya kuingizwa kwenye hesabu ya kila msafiri. Ninachosema ni kwamba swali la muda haliishi kwenye saa ngapi. Linaendelea hadi saa za nani, na za kufanyia nini.

Ushahidi mzito kuliko wote wa dai langu uko pale Kigongo. Kwa miaka mingi magari yalivuka ghuba kwa kivuko, na kivuko kina foleni, kina hitilafu, kina upepo. Upana wa maji pale ni kilomita tatu hivi tu, lakini kuzivuka kulikula saa mbili na wakati mwingine zaidi. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la John Pombe Magufuli, na maji yaleyale sasa yanavukwa kwa dakika chache. Mwanza haikusogezwa. Bukoba haikusogezwa. Barabara haikufupishwa kwa kiasi cha kusimuliwa. Kilichoondolewa ni kungoja. Na kabla ya hapo, mwaka 2023, serikali iliondoa marufuku iliyozuia mabasi kusafiri usiku, na kwa uamuzi huo wa karatasi tupu, bila zege wala nondo, saa nyingi za safari za mbali zilihamishwa kutoka mchana wa kazi kwenda usiku wa usingizi. Anayetafuta mfano wa jinsi muda unavyoweza kubadilika huku umbali umekaa kimya, mifano hiyo miwili inamtosha. Ikumbukwe pia kwamba daraja limekula sehemu ya faida ya ndege: kila foleni inayoondoka barabarani inamsogeza abiria mmoja zaidi kwenye stendi ya mabasi.

Sasa niingie kwenye muda ambao hauonekani kwenye tiketi kabisa, nao ndio mrefu kuliko yote. Tuseme ndege kati ya miji miwili inaruka mara tatu kwa wiki, zikiwa zimeachana sawasawa. Wiki ina saa 168. Kati ya ndege moja na inayofuata kuna saa 56. Mtu anayepata sababu ya kusafiri wakati wowote ule atangoja, kwa wastani, nusu ya hizo, yaani saa 28. Ziongeze hadi ndege moja kila siku, na wastani wa kungoja unashuka hadi saa 12. Ziwe mbili kwa siku, saa 6. Ukilinganisha na hizo saa 28, kubishana kuhusu dakika 40 au 50 za angani ni kama kupigania chenji baada ya kusahau pochi. Hii ndiyo sababu nasema ratiba ni sehemu ya umbali. Mji wenye ndege moja kwa wiki uko mbali kuliko mji ulio kilomita mia tatu zaidi lakini wenye ndege asubuhi na jioni, na mwenye kubisha ajaribu kuwahi mazishi.

Pingamizi hapa ni la haki: watu hupanga safari zao. Anayekwenda kwenye harusi anaijua tarehe tangu vikao vya michango vilipoanza; anayekwenda semina ameandikiwa barua. Hao hawangoji, wanachagua tu siku. Nakubali, na ndiyo maana ndege za mikoani hujaa Krismasi, wakati Wahaya wa Dar es Salaam wanaporudi kula sikukuu kwao. Hapo wastani wa saa 28 hauna maana. Lakini angalia nani anabaki nje ya pingamizi hilo. Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Kagera imo katika kanda hiyo. Ndugu wa mgonjwa aliyepewa rufaa hakupanga. Msiba haupangwi. Fundi anayeitwa kurekebisha mashine iliyokufa kiwandani hakupanga. Hata aliyepanga hulipa kwa njia nyingine: kikao cha saa mbili mjini Bukoba kinageuka safari ya siku tatu kwa sababu ndege ya kurudi ni keshokutwa, na malazi na posho za siku hizo havijaandikwa popote kama gharama ya umbali, ingawa ndivyo vilivyo. Kupanga hakufuti kungoja, kunakuhamishia gestini.

Halafu kuna njia ambazo hazipo. Kutoka Mwanza hadi Kigoma ni kilomita 450 kwa mstari ulionyooka, safari ya saa moja na robo au zaidi kidogo kwa mapangaboi. Siku isiyo na ndege ya moja kwa moja, abiria huambiwa apitie Dar es Salaam: kilomita 850 hadi pwani, kisha kama kilomita 1,080 kurudi magharibi. Jumla ni 1,930, zaidi ya mara nne ya umbali halisi, na kati ya vipande viwili kuna kukaa kiwanjani, pengine kulala. Mtu ametoka Ziwa Viktoria akaenda kunusa Bahari ya Hindi ili afike Ziwa Tanganyika. Vuka mpaka na mambo ni yaleyale. Kati ya Kisumu na Mwanza, miji miwili ya ziwa moja, kuna kilomita 330 hivi. Ukipitia Nairobi zinakuwa karibu 740. Atakayesema kwamba hali hiyo imetokana na jiografia namrudisha mwaka 1931. Februari mwaka huo shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika, na mwisho wa njia hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, ulikuwa Mwanza, Kisumu ikiwa kituo cha njiani. Barua ya London ilipita Kisumu ikafika Mwanza kwa ndege. Mwaka uliofuata njia ikarefushwa hadi Cape Town, ikakunjwa kupitia Nairobi, na Mwanza ikaachwa kando. Kilomita 330 ziko palepale tangu enzi hizo. Kilichohama ni kalamu ya mchora njia, na baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ikavutia kalamu kwenye jiji lake kubwa.

Mhasibu wa shirika la ndege atanijibu kwa utulivu, na jibu lake ni zito kuliko yote niliyotaja. Ndege hailipwi na huruma. Safari fupi hula mafuta mengi kwa kila kilomita kwa sababu kupaa ndiko kunakokula zaidi. Injini na magurudumu huchakaa kwa idadi ya kuruka na kutua zaidi ya urefu wa safari. Ada ya kutua ni moja iwe umetoka karibu au mbali. Ukiwa na viti hamsini au sabini vya kujaza, abiria kumi na wawili wa Mwanza–Kigoma hawalipi hata marubani. Kuwakusanya wote Dar es Salaam, kisha kuwagawa, ndiyo njia ya kujaza viti. Hesabu hiyo siipingi. Napinga tu kuiita umbali. Shirika linapokusanya abiria katikati, gharama haijatoweka. Imetoka kwenye vitabu vya shirika ikaingia kwenye siku za abiria, ambazo hazina mkaguzi. Na ipo njia ya kati ambayo mashirika yenyewe huitumia: ndege moja hutoka Dar es Salaam, ikagusa Bukoba na Mwanza katika mzunguko mmoja, na abiria wa ziwani hujazia viti vilivyoachwa na wa pwani. Safari kama hiyo haiwezi kusimama peke yake kwa tiketi za ziwani tu, lakini ikiegemea safari ndefu inasimama. Kama njia nyingi zaidi zingechorwa kwa mizunguko ya namna hiyo badala ya mishale ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, ramani ya muda ya kanda nzima ingekunjamana upya.

Nimesema mengi ya muda ni maamuzi. Sikusema yote, na mahali pa kuonyesha mpaka wa dai langu ni hapohapo Bukoba, asubuhi. Usiku pepo za nchi kavu hushuka kuingia ziwani kutoka kila upande, zinakutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya mvua na radi yanainuka, kisha pepo za mashariki zinayasukuma kuelekea ukingo wa magharibi. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kiasi kinachoipita Mwanza kwa mbali, na nyingi hunyesha alfajiri na asubuhi, saa ambazo ndege ya kwanza kutoka Dar es Salaam inakaribia. Novemba 6, 2022, ATR ya Precision Air yenye watu 43 ilikuta hali mbaya ya hewa juu ya Bukoba, ikazunguka ikingoja, ilipojaribu kutua ikaangukia ziwani karibu kabisa na kiwanja. Watu 19 walikufa. Waliowafikia kwanza walionusurika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Katika mazingira hayo kilomita 175 zinapata maana nyingine, ambayo abiria haioni kamwe. Rubani anayekwenda Bukoba huwa amepangiwa kiwanja cha akiba, na Mwanza ni chaguo la kawaida. Hubeba mafuta ya kufika Bukoba, ya kukimbilia akiba hiyo, na juu yake ya dakika 30 za kuzunguka. Kwake umbali huo umo kwenye tangi, kwa kilo, na kila dakika anayongoja juu ya mawingu ya Bukoba anaitoa humo. Muda wa kungoja hapa haufai kufupishwa. Ni bora abiria arudishwe Mwanza akasirike.

Kumekuwa kwa miaka mingi na mpango wa kujenga kiwanja kipya na kikubwa zaidi cha Kagera huko Omukajunguti, wilayani Missenyi, mahali pasipobanwa na mji wala maji. Wapo wa Bukoba wanaoulalamikia kwa sababu moja inayoeleweka: kiwanja cha sasa unaweza kukifikia kwa miguu, na kile kitadai gari. Kwa mizani ya sura hii wana hoja, maana nimetumia kurasa nzima kuonyesha kwamba dakika za ardhini ndizo zinazokula safari. Lakini wachukue na upande wa pili wa mizani. Njia ndefu ingepokea ndege kubwa zinazokwenda na kurudi mara nyingi zaidi. Vifaa vya kuongozea ndege penye mawingu vingepunguza asubuhi za kuzunguka na za kurudishwa Mwanza. Na wastani ule wa saa za kungoja ungeshuka. Nusu saa au zaidi ya barabara ingeongezwa kila safari, kwa hakika. Saa kadhaa zingepunguzwa, kwa uwezekano. Mtu wa Bukoba anayepima mambo hayo mawili anapima kitu halisi, na sioni sababu ya kumharakisha. Zile dakika 21 zenyewe zingebadilika kwa tatu au nne tu.